Tupeane uzoefu: Uliupokeaje muziki wa kielektroniki, na waliokuzunguka walisemaje?

Mleta mada:
Nilikuwa na umri wa miaka 14 kaka yangu alipoleta nyumbani Autobahn, santuri ya Kraftwerk, kundi la muziki wa kielektroniki la Ujerumani, iliyotoka mwaka 1974, ambayo wimbo wake mmoja unajaza upande mzima kwa zaidi ya dakika 22. Baba alisikiliza kidogo akauliza kama sindano imekwama, lakini mimi nilikaa sakafuni mpaka mwisho, kwa kuwa sikuwahi kusikia sauti za mitambo zikinigusa kiasi kile. Miaka mingi baadaye nilimpigia binti yangu wimbo uleule, naye akauliza utaanza lini. Naamini nyimbo hizo ndefu zilitufunza subira ambayo siioni kwa wasikilizaji wa leo. Naomba nanyi msimulie.

Mchangiaji wa 2:
Mimi niliingia kupitia house, muziki wa kielektroniki wa kudansi wa Chicago, hasa Acid Tracks ya kundi la Phuture, iliyotolewa mwaka 1987. Sauti ile inayojikunja inatoka kwenye Roland TB-303, mashine iliyokusudiwa kumpa mpiga gitaa besi ya kufanyia mazoezi, ikashindwa sokoni kwa sababu haikufanana na besi ya kweli, na hivyo ikawa inauzwa kwa bei ndogo mikononi mwa watu. Vijana wale walizungusha vitufe vyake huku mdundo ukiendelea, wakapata kitu ambacho waliounda mashine hawakukitarajia. Kilichoniuma ni kwamba dada yangu mkubwa, aliyenifundisha kuwapenda Kraftwerk, aliniambia kuwa hizo ni kelele, maneno yaleyale ambayo yeye mwenyewe aliambiwa na wazazi wetu.

Mchangiaji wa 3:
Shikamoo mleta mada. Kuhusu subira naomba nitofautiane nawe kwa heshima, kwani toleo la Autobahn lililotengenezwa kwa ajili ya redio lilikatwa likabaki chini ya dakika 4, kwa hiyo wengi wa rika lako waliufahamu wimbo ule ukiwa mfupi. Mimi husikiliza seti za madijei za saa 2 bila kuzikatiza. Ninachokikosa ni wenzangu, maana nasikiliza kwa visikizio, peke yangu. Nilipoanza kutunga kwa programu ya Ableton Live, nilidhani sauti za ngoma nilizozikuta humo ni za kizazi changu, mpaka mama alipopita mlangoni, akasimama, akasema kuwa ngoma hiyo aliicheza ujanani. Ilikuwa ni sauti ya Roland TR-808, mashine ya ngoma iliyoanza kuuzwa mwaka 1980 na kusitishwa baada ya miaka michache tu. Jioni ile tulitoa visikizio, tukasikiliza kwa spika, sote wawili.

Mleta mada:
Marahaba, mwanangu. Hoja ya redio naikubali, nami nitamwambia binti yangu. Je, mama yako aliitambua kwa lile pigo zito la chini, au kwa sauti yake ya makofi?