Nimetokwa machozi nikikabidhi wodi, naulizwa "Kwani ni ndugu yako?"

Nesi wa Usiku
Wadau, nimetoka zamu sasa hivi, hata viatu sijavua. Yule bosi wetu mnayemjua, yule ambaye funguo zake husikika kabla yeye hajafika, leo kanidhalilisha mbele ya watu.

Usiku kucha tulikuwa wawili, vitanda 38. Saa kumi alfajiri mama wa kitanda namba 9 akatutoka. Nimemuuguza wiki tatu. Tumemkandamiza kifua kwa kupokezana mpaka mikono ikafa ganzi. Nikaustiri mwili, nikampa mumewe taarifa, nikarudi kugawa dawa za saa kumi na mbili.

Asubuhi nakabidhi, nikafika kitanda namba 9, machozi yakanitoka. Basi. Sikupiga kelele, sikugaagaa. Naye, wanafunzi wote wanasikia: "Unalia nini? Kwani ni ndugu yako?"

Kwani ni ndugu yako! Mtu huyu akipigwa eksirei ya kifua, pale penye moyo itaonekana rejista ya mahudhurio.

Na ni yeye huyo mwezi uliopita alitusomea habari za afya ya akili kazini, saa nzima tumesimama, akasema tukizidiwa tumwone. Nimezidiwa mbele ya macho yake. Kwani ni ndugu yako! Nimepanda gari naisikia, nimefika nyumbani naisikia.

Mzee wa Dripu
Pole sana dada. Wa kwetu aliniuliza "utazika wangapi?"

Bomba la Sindano
Mleta uzi, kazi ya wodini inataka moyo mgumu. Ukilia kila kitanda, dripu utaweka saa ngapi?

Nesi wa Usiku
Dripu zote niliweka. Nimelia baada ya kazi. Wewe na yeye mmenyonya ziwa moja.

KotiJeupe
Huo ni uchovu wa kazi uliopitiliza. Shirika la Afya Duniani limeueleza kwenye ICD-11, mwongozo wake wa kuainisha magonjwa na hali za kiafya, ulioanza kutumika 2022: nguvu zinaisha, kazi unaichukia, unajiona huwezi tena.

Mzee wa Dripu
Malizia, mkuu. Wameuandika kama hali inayotokana na kazi, siyo ugonjwa. Mimi nikiomba mapumziko naambiwa "huumwi". Kama chanzo ni kazi, si warekebishe kazi!

KotiJeupe
Sisi madaktari ndiyo tunakufa kabisa. 2017 Azimio la Geneva, kile kiapo cha madaktari, liliongezwa ahadi kwamba daktari atajali afya yake mwenyewe ili atoe huduma bora. Nimekula kiapo hicho, nikapangiwa saa 30 mfululizo.

Bomba la Sindano
Ninyi mna chumba cha kulala. Sisi tunasinzia kwenye kiti cha plastiki.

KotiJeupe
Chumba gani? Kile cha kuwekea mitungi ya oksijeni?

Darubini
Maabara hatutajwi hata siku moja. Sampuli ya damu imeganda kwa uzembe wa wodini, anayetukanwa ni mimi.

Dirisha la Dawa
Njoo usimame dirishani umwambie mtu dawa imeisha, uone kama hutatemewa mate.

Nesi wa Usiku
Jamani, alisema kwani ni ndugu yako. Mbele ya wanafunzi.

Darubini
Sampuli inaganda kwa sababu hamgeuzi chupa damu ichanganyike na dawa iliyomo, mnaiweka tu mfukoni.

Bomba la Sindano
Nani anaiweka mfukoni? Taja wodi.

Mzee wa Dripu
Kuna wa kubadilishana nami Jumapili usiku?