Usharika una eneo Buhongwa, hela tuliyonayo milioni 8. Tunaanzia wapi kuwajengea watu wetu vyumba?

ngosha_wa_mkolani:
Wakuu habari za jioni, shikamooni wakubwa. Naomba mawazo maana najua humu kuna mafundi, watu wa ardhi na wazee wa kanisa pia.

Usharika wetu una eneo hapa Mwanza pande za Buhongwa, kama ekari moja na nusu hivi, alilitoa mzee mmoja miaka ya themanini wakati huko bado ni shamba kabisa. Mpaka leo kuna mihogo na kibanda cha mlinzi tu. Sasa tuna mama zetu wajane wanne na vijana kadhaa wamepanga huko milimani Mabatini na Igogo, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali naye anataka mwezi wake, mvua ikinyesha zile njia za mawe zinateleza na mama wa watu ana ndoo kichwani, yaani ukimsindikiza nyumbani siku moja tu unaona aibu kwamba kanisa lina eneo linalimwa mihogo.

Mchungaji kaja na wazo la kujenga vyumba. Tumepata milioni 5 kutoka usharika rafiki wa nje na harambee imeleta 3. Wazee wamegawanyika, wengine wanataka lodge eti ilete kipato, wengine wanasema tugawe viwanja kila mtu ajijengee. Mimi ni katibu tu, nimeambiwa niandike mapendekezo na sijui hata pa kuanzia.

fundi_mawe:
Mkuu milioni 8 usiiite hela ya kujenga nyumba, iite hela ya kuanzia. Na lodge wasahau.

Nyinyi mna bahati moja, mawe. Msingi wa mawe Mwanza hauwasumbui, kokoto kuna kina mama wanaponda barabarani wanauza kwa ndoo, washirika wenyewe wanaweza kubeba Jumamosi baada ya zoezi la kwaya. Penye kuumiza ni saruji, nondo na bati, hapo hakuna harambee ya nguvu kazi. Kwa hiyo msijenge vijumba vinne vya kusimama peke yake kila kimoja na kuta zake nne, jengeni mstari mmoja, vyumba vinashea ukuta, paa moja, mnaokoa tofali na mbao nyingi tu. Mnaweza kumaliza viwili watu wakaingia huku viwili vimeishia kwenye renta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) vinasubiri harambee nyingine, ndivyo wote tulivyojenga, nani humu alijenga kwa mkupuo?

Ila kabla ya yote CHIMBENI SHIMO LA CHOO. Sitanii. Kuna sehemu za Mwanza unachimba futi tatu unakutana na mwamba, ndiyo maana kule Igogo na Mabatini MWAUWASA (mamlaka ya maji Mwanza) walilaza yale mabomba madogo ya majitaka, maana shimo halichimbiki mlimani. Vibarua wawili siku mbili watawapa jibu ambalo halimo kwenye mapendekezo ya mtu yeyote.

mama_wa_hati:
Bwana asifiwe katibu. Fundi kasema vizuri lakini kaanza na choo, mimi naanza na karatasi. Swali moja tu: hilo eneo limeandikwa jina la nani? Umesema alilitoa mzee mmoja, je kuna hati au kuna kikaratasi cha mjumbe kilichokunjwa kwenye faili la mhasibu? Maana wajukuu wa wazee wa miaka ya themanini sasa hivi wana miaka thelathini na wanajua bei ya kiwanja Buhongwa kuliko wewe.

Usharika peke yake haumiliki ardhi kisheria. Anayemiliki ni Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA (wakala wa serikali wa usajili na udhamini), kwa wengi wenu hiyo bodi iko dayosisi. Kwa hiyo hata mchungaji asaini mkataba na mjane kwa roho safi kabisa, akihamishwa na karatasi yake imehama naye. Andikeni dayosisi mapema, msiende kuwaambia mkiwa mmeshapiga bati.

La pili, hati ikitoka itakuwa na muda, miaka 33, 66 au 99, na itakuwa na matumizi. Ikiandikwa ibada nyinyi mnajenga makazi mmejiletea shida ya kibali cha ujenzi, mtaambiwa mkaombe kubadilisha matumizi kwanza. Kuna kijana wetu wa kanisani alituonyesha kwenye simu kwamba California mwaka 2023 walipitisha sheria ya kuyarahisishia makanisa kujenga nyumba za watu wa kipato cha chini kwenye maeneo yao, nikamwambia mwanangu hiyo ni California, wewe nenda mipango miji Nyamagana kapange foleni.

Ushauri wangu ambao wazee hawataupenda: zile 5 za wafadhili zipeleke kwenye upimaji, hati, choo na maji. Hakuna mtu atakayesimama kwenye harambee akasema natoa laki mbili za kuweka bikoni, yale mawe ya mipaka. Ila mfuko wa saruji kila mtu anatoa, tena anataka atangazwe.

jembe_juu:
Nitakuwa mbaya wa uzi huu. Tulishafanya hili, kanisa silitaji. Vyumba sita kwa wahitaji. Mwaka wa kwanza raha tupu. Mwaka wa tatu ukihesabu humo ndani kuna mpwa wa mzee wa kanisa, kuna kiongozi wa kwaya, kuna mmoja kapangisha chumba cha bure kwa mtu wa bajaji na anapokea hela kila mwezi. Ukimuuliza anakwambia "nyumba ya Bwana". Nani atamtoa? Mchungaji akimtoa mtu Jumatano, Jumapili nusu ya kanisa imenuna.

Kama mnajenga, andikeni NANI ANAINGIA na ANATOKAJE kabla ya tofali la kwanza. Na bure msitoe, hata elfu kumi kwa mwezi walipe, iende kwenye mfuko wa kukarabati bati.

samaki_wa_igombe:
Nimecheka mpwa wa mzee wa kanisa 😂 wako kila dhehebu. Naomba kuuliza hapohapo, sisi kigango chetu kina kipande kimegusa ziwa kabisa, tunaweza nasi?

mama_wa_hati:
@samaki_wa_igombe mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ni hifadhi, sheria ya mazingira ya 2004. Pimeni kwanza mjue kinachobaki nyuma.

@ngosha kwenye lile la kugawa viwanja, msigawe. Someni habari za mtaa wa Tanzania-Bondeni pale Voi, Kenya, miaka ya tisini mwanzoni. Waliamua ardhi ibaki ya jamii nzima, mtu anamiliki nyumba aliyojenga lakini kiwanja hawezi kukiuza. Nyinyi mnaweza kufanya hivyohivyo, bodi inabaki na ardhi, mwenye chumba anapewa mkataba wa pango wa maandishi, na usizidi muda uliobaki kwenye hati. Tafuteni wakili msharika, kila usharika wa mjini unaye mmoja anayejificha siku za kamati.

mzee_pasiansi:
Niongezee kwenye hela. Ubalozi wa Japani una misaada midogo ya miradi ya jamii, ila inataka taasisi iliyosajiliwa, na ukiuliza wengi waliopata utasikia darasa, zahanati, kisima. Kwa hiyo kuombea vyumba vya watu kuishi msijipe matumaini sana. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri nayo ni mkopo wa vikundi vya biashara, 4 wanawake 4 vijana 2 wenye ulemavu, siyo wa kujengea. Ila wale wajane wakiwa na kikundi cha dagaa wakakopa, kodi ya elfu kumi aliyosema jembe_juu itatoka wapi kama siyo hapo?

ngosha_wa_mkolani:
Wabeja sana wakuu, nimesoma yote mara mbili. Mama umenipata pabaya. Leo baada ya ibada nimefungua faili, ipo barua moja ya mkono ya 1986, mashahidi wawili, mmoja keshafariki. Na ile mihogo nimeulizia, kumbe anayelima ni mjukuu wa yule mzee, tulikuwa tunadhani ni mlinzi 🤦🏾‍♂️

Kesho jioni naenda kwake na mzee wa kanisa mmoja anayeheshimiana na baba yake, tuongee kabla ya kumpeleka mpima. Choo tutachimba Jumamosi, kwenye kona isiyo na mihogo.

fundi_mawe:
Mwambieni avune kwanza. Na mkikuta mwamba nipigieni picha.