Ulinganisho: taa za LED za kukuzia saladi na rihani ndani ya flati Mombasa. Tyubu, bodi, taa ya zambarau au utepe?

MwanaTudor

Wenyeji, habari zenu. Nina rafu ya chuma, urefu sentimita 120, upana 60, ndani ya stoo isiyo na dirisha, flati ya Tudor. Ya kuotesha ni saladi, rihani, nanaa, na miche ya pilipili itakayohamia juu ya paa. Stima ni ya tokeni. Madukani nimeona aina nne: tyubu nyeupe za futi nne za wati 18, bodi nyeupe yenye draiva yake (kifaa kinachoilisha stima inayoifaa), taa ya zambarau iliyoandikwa "1000W", na utepe wa volti 12 wa mita 5. Ipi inafaa, na kwa nini? Naomba hesabu.

BiRihani

Anza na mmea, taa baadaye. Jani halijui wati. Linachojua ni chembe za mwanga zinazolifikia, nazo hupimwa kwa maikromoli kwa kila mita mraba kwa sekunde. Saladi hutosheka na moli 12 hadi 17 kwa kila mita mraba kwa siku nzima (moli moja ni maikromoli milioni moja). Taa ikitoa maikromoli 220 kwa saa 16, siku inafunga na moli 12.7, na hapo saladi inakaza vizuri. Rihani nayo inaenda na kiwango hicho, ila ukiipandisha mpaka 300 majani hunenepa na harufu huwa kali zaidi. Miche ya pilipili wiki mbili za mwanzo haihitaji zaidi ya 100 hadi 150.

Nyanya au pilipili za kuzaa kabisa ni habari nyingine: moli 20 hadi 30 kwa siku. Usizifikirie stooni, utalisha mita tu.

Kama huna kipimo maalumu, tumia kipimo cha laksi (mwanga kama jicho linavyouona) cha simu. Kwa taa nyeupe, gawanya laksi kwa 70 upate maikromoli kwa kukadiria. Kwa hiyo unatafuta laksi 15,000 hivi pale majani yalipo. Pima katikati na kwenye pembe zote nne, si chini ya taa peke yake. Kwa taa ya zambarau njia hii haifanyi kazi, kwa sababu laksi hupimwa kwa jicho la binadamu, na jicho letu ni zito kuona nyekundu na buluu za taa hizo.

Fundi_Makupa

Bi ameshaweka msingi. Hesabu za taa ni hizi.

Rafu yako ni mita mraba 0.72. Maikromoli 220 mara 0.72 ni 158 kwa sekunde. Ongeza zinazopotelea pembeni na ukutani, chukua 195.

Tyubu ya wati 18 yenye lumeni 1,800 (jumla ya mwanga unaotoka, kwa jicho la binadamu): gawanya kwa 70, unapata maikromoli 26 kwa sekunde. Unahitaji saba, au nane kama ukuta hauna rangi nyeupe. Saba ni wati 126.

Bodi nzuri ya diodi nyeupe (vitaa vidogo vya LED) hutoa maikromoli 2.5 mpaka 2.8 kwa kila wati. Wati 75 zinatosha.

Taa ya zambarau ya bei nafuu ukipata 1.2 kwa wati umebahatika. Hapo ni wati 165 halisi. Na hiyo "1000W" ya kwenye boksi si wati inazokula. Nyingi zinakula mia moja na kitu. Usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Zima kila kitu nyumbani, iache taa hiyo peke yake, kisha tazama kitaa chekundu cha mita kinavyomweka. Mita iliyoandikwa 1000 imp/kWh (mimweko 1,000 kwa uniti moja) ikimweka mara moja kila sekunde 36, taa inakula wati 100. Ikimweka kila sekunde 18, ni wati 200. Kama mita iko juu ya nguzo nje, nunua kipima-wati cha kuchomeka kwenye soketi.

Sasa tokeni. Saa 16 kwa siku, siku 30: bodi uniti 36, tyubu uniti 60, zambarau uniti 79. Weka uniti kwa shilingi 30 ili hesabu iwe rahisi: 1,080, 1,800 na 2,370. Bodi inakuokolea 720 kila mwezi ukilinganisha na tyubu. Ikiwa imezidi bei kwa 6,000, inajilipa ndani ya miezi tisa.

Utepe wa volti 12 achana nao. Wati 14.4 kwa mita maana yake roli moja inavuta ampea 6, na waya wake wa shaba ni mwembamba: mwanzo unang'aa, mwisho umefifia. Ukiubandika bila bamba la alumini, gundi inalainika kwa joto, utepe unaanguka juu ya majani yenye maji.

Mzee Kizingo

Vijana, jua la Mombasa linapiga saa 12 mwaka mzima, bure. Kwa nini tununue mwanga? Wekeni dirishani.

BiRihani

Shikamoo Mzee. Kwenye roshani inayopata jua nakubali moja kwa moja, pale taa haina kazi, pengine hata utataka neti ya kivuli. Jua la adhuhuri nje ni laksi laki moja, saladi inaungua. Lakini ingia ndani mita mbili kutoka dirishani, laksi zinashuka mpaka mia tano au elfu moja. Hiyo ni maikromoli 10 au 15. Macho yetu yanaona chumba kina mwanga, mche unaona usiku. Ndiyo maana miche ya dirishani hurefuka kama uzi na kulalia upande mmoja. Stoo ya MwanaTudor haina hata hilo dirisha.

Shamba_la_Roshani

Mimi nasimama na tyubu, na Fundi tusikosane. Hesabu ya uniti ni sahihi, lakini haijaingiza kuharibika. Tyubu moja ikifa zinabaki sita, na nyingine unaipata duka lolote la stima kuanzia Mwembe Tayari mpaka Kongowea. Draiva ya bodi ikifa, rafu nzima iko gizani mpaka upate draiva ya ampea ileile na volti zilezile. Draiva ya ampea nyingi zaidi itachoma diodi.

Halafu tyubu saba zikipangwa kila baada ya sentimita 8 au 9 zinasambaza mwanga sawasawa, na zinaweza kukaa sentimita 20 juu ya majani. Bodi ndogo inataka 30 hadi 45, la sivyo katikati panaungua na pembeni pananyauka. Kwa rafu fupi, tyubu inakupa ghorofa moja zaidi.

Fundi_Makupa

Hoja ya usambazaji nakubali. Ndiyo maana kwa urefu wa 120 ni bora bodi mbili ndogo za wati 40 kila moja na draiva yake kuliko moja kubwa. Ikifa moja, nusu ya rafu inaendelea. Zikae zimepunguzwa mwanga kidogo, usizikaze mpaka mwisho.

Kuhusu kuharibika: hapa Pwani kinachoua si saa za kuwaka. Ni joto na chumvi. Kapasita za ndani ya draiva, kila joto likipanda nyuzi 10, umri wake hupungua nusu. Draiva iliyofungwa juu ya bodi, ndani ya stoo iliyofungwa, inapikwa. Itoe nje ya rafu, ifunge ukutani mahali pa hewa, ivute waya mpaka kwenye bodi. Chagua iliyozibwa, yenye alama IP65 (kinga ya vumbi na maji) au zaidi.

Chumvi ya hewani hutua kwenye kila kitu, nayo huvuta unyevu. Angalia miguu ya tyubu: ukiona unga wa kijani kwenye shaba, mgusano umeanza kulegea, patachemka na kuyeyusha kishikio. Kila mwezi chomoa plagi, futa miguu na vishikio kwa kitambaa kikavu. Bodi ifute kwa kitambaa kilichonyunyizwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) kidogo, ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Ukipata bodi iliyopakwa vanishi ya kuzuia maji, lipa hiyo tofauti.

MwanaTudor

Ahsanteni. Nina fremu mbili za tyubu za zamani, zile zenye choki na stata. Naweza kuchomeka tyubu za LED humo humo?

Fundi_Makupa

Subiri kidogo, hapo ndipo watu wanaunguza. Zipo tyubu zinazopokea stima upande mmoja, laini na nyutro kwenye miguu miwili ya ncha ileile. Zipo zinazopokea laini ncha hii na nyutro ncha ile. Ukichanganya aina hizo, tyubu ya aina moja kwenye kishikio kilichofungwa kwa aina nyingine, unaweza kuunganisha laini na nyutro moja kwa moja. Soma mchoro uliochapishwa kwenye tyubu yenyewe. Toa stata, ondoa choki kabisa, peleka waya mpya. Fremu ya chuma lazima iwe na waya wa ardhi, na rafu yako vilevile kwa kuwa ni ya chuma na utakuwa unamwagilia.

Plagi ibadilishe fyuzi: ile ya ampea 13 ni kubwa mno kwa mzigo wa nusu ampea, weka ya 3. Ekstensheni isilale sakafuni. Kila waya ushuke chini ya usawa wa soketi kisha upande, ili tone la maji lidondoke kabla ya kuingia. Na kama bodi ya swichi ya nyumba haina kikata-stima cha uvujaji cha miliampea 30, mwite fundi akiweke kabla ya kuwasha chochote.

BiRihani

Nami niongeze la hewa, kwa kuwa taa ikishatengenea tatizo linahamia hapo. Stoo iliyofungwa Mombasa ina unyevu mkubwa, na jani lisipotoa maji halivuti kalsiamu. Utaona ncha za majani machanga ya saladi, yale ya katikati, zinageuka kahawia. Wengi huongeza mbolea, na haisaidii. Weka feni ndogo ipite juu ya majani mchana na usiku, yatikisike kidogo tu. Feni hiyo hiyo inapunguza miche kuoza shina pale inapogusa udongo.

Saladi za kichwa zinakimbilia kutoa maua kwenye joto hili, chagua za majani zinazohimili joto. Rihani haina wasiwasi. Ukitumia vumbi la makumbi badala ya udongo, lioshe kwa maji baridi mara kadhaa kwanza, hasa kama makumbi yalilowekwa baharini, maana chumvi yake hukausha miche.

MwanaTudor

Nafikiria bodi mbili za wati 40. Swali la mwisho: saa 16 ziwe zipi?

Shamba_la_Roshani

Washa saa kumi na mbili jioni, zima saa nne asubuhi. Wati 80 zote zinaishia kuwa joto ndani ya stoo, heri ziwake wakati nje kumepoa. Mlango uachwe wazi kiasi.

Taima ya kuzunguka ya mota usiinunue. Stima ikipotea kwa saa mbili, nayo inachelewa kwa saa mbili, na baada ya wiki kadhaa za kukatikakatika taa zinawaka adhuhuri bila wewe kujua. Chukua ya kidijitali yenye betri ndani. Baada ya taima weka kile kifaa cha kulindia friji, kinachochelewesha dakika chache stima ikirudi, kwa sababu mshtuko wa kurudi ndio unaovunja draiva nyingi.