Tanki na rimu za Peterbilt zimefifia baada ya baridi, zinarudi?

PeteWaIowa:
Habari zenu wakuu. Nina lori la Peterbilt 379 la 2005, nimeinunua kwa mzee mmoja hapa Iowa aliyekuwa anaitunza kama mboni ya jicho. Navuta trela la friji kwenda Utah, barabara kuu ya I-80 mwanzo mwisho, na mnaijua Wyoming wakati wa baridi: ni chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani, chumvi juu ya chumvi.

Sasa hali ndiyo hii. Tanki za mafuta zina madoa meupe kama chokaa. Rimu za mbele, ambazo ulikuwa unaweza kujitazama na kunyoa ndevu, zimekuwa kijivu. Bampa ina vidoti vya kahawia, na mabomba ya moshi yameanza kuwa bluu pale chini kwenye kona. Halafu sehemu moja ya kuosha malori walinipulizia dawa yao bila kuniuliza. Uchafu ulitoka kweli, lakini tanki la upande wa dereva likabaki na michirizi kuanzia juu hadi chini.

Mwezi wa saba nataka nipite Walcott, hapa Iowa, kwenye Jamboree, yale maonyesho ya malori. Sishindani na mtu, nataka tu kupaki pale gari likiwa na heshima yake. Je, kuna polishi moja ya kufanya vyote? Na grainda inafaa au nitaharibu?

Kijana_wa_Reefa:
Chukua polishi ya alumini ya Mothers, vitambaa vya pamba na nguvu za mkono. Bampa tumia foili ya jikoni na maji. Mimi sijawahi kushika mashine.

FundiKioo:
Mkuu Pete, hii ndiyo kazi yangu. Nilianza kusugua vyuma mtaa wa Gerezani, Dar, na sasa nang'arisha malori hapa Dallas, kwa hiyo nitaongea kirefu kidogo.

Kabla hujanunua kopo lolote, jua kila kipande ni cha nini, maana wengi wanaita kila kinachong'aa kromu. Weka polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe, sugua mahali padogo. Kitambaa kikiwa cheusi ti, hiyo ni alumini tupu. Kisipobadilika, ni kromu, au stenlesi, au alumini iliyopakwa vanishi. Ukipata shaka weka sumaku: kwenye bampa ya chuma yenye kromu itanata, kwenye tanki haitanata. Kwa 379 tarajia tanki na rimu ni alumini, bampa na mabomba ni chuma chenye kromu, na yale madebe ya kuchuja hewa ya injini ubavuni ni stenlesi.

Sababu ya kung'ang'ania hili ni kwamba dawa zake zinapingana. Alumini inang'aa kwa kukatwa. Unaondoa ngozi ya juu iliyoliwa na chumvi mpaka ufikie chuma kizima. Kromu huikati kamwe. Ni utando mwembamba mno, hata unywele ni mnene kuliko huo, chini yake kuna nikeli, ndipo chuma. Ukiupitishia msasa umeumaliza, na hakuna polishi ya kuurudisha.

Kwa hiyo bampa: huyo kijana kasema kweli. Foili ni laini kuliko kromu, inang'oa kutu bila kuchora. Lowesha, sugua taratibu, suuza, kausha, paka nta. Ila kidoti ambacho ukucha unakwama ndani yake ni tundu. Kutu inatoka chini na itarudi. Ikianza kubanduka, ni kupeleka ikapakwe upya au kununua nyingine. Ile bluu ya mabomba ni joto la moshi. Polishi ya kromu itaipunguza bomba likiwa la baridi, lakini ukiendelea kupanda milima na mzigo itarudi, usiumie roho.

Sasa tanki, hapo ndipo pana kazi. Hayo madoa meupe ni alumini iliyoliwa, na mkono peke yake hautoshi. Osha kwa sabuni ya kawaida, halafu msasa wa maji: anza na namba 400 kwenye madoa tu, fuata 600, 800, 1000. Kila ukibadilisha namba, badilisha na upande wa kusugua, ili uone mikwaruzo ya msasa uliopita imeisha kabla hujasonga mbele. Watu wanaruka hapa, halafu jua likipiga tanki zima linaonyesha mistari.

Grainda inafaa kama unaweza kuipunguza kasi, mizunguko 2,000 hadi 3,000 kwa dakika, na uwe na gurudumu la kitambaa, siyo jiwe. Kisha sabuni ya kung'arishia, siyo ya kuoshea, ni kile kipande kigumu unachokipaka kwenye gurudumu: ya kahawia kwanza, ya kijani baadaye, mwisho ile laini ya kumalizia (rangi zinatofautiana kwa kampuni, soma pakiti). Kila sabuni na gurudumu lake, usichanganye. Ukienda kinyume na mzunguko unakata, ukienda nao unang'arisha na kuuchukua ule weusi. Usikae sehemu moja, alumini ikipata joto inapata wingu. Kwenye ukingo, gurudumu lizunguke kutoka ndani kwenda nje. Likiuingia ukingo kwa mbele linakunyang'anya mashine.

Miwani, barakoa, mikono mirefu. Vumbi la alumini linashika moto, kwa hiyo pembeni yako pasiwe na mtu anayekata chuma. Na hakikisha mifuniko ya tanki imefungwa na hakuna panapovuja.

Hiyo michirizi ni asidi. Baadhi ya dawa hizo za kuoshea malori zina asidi ya haidrofloriki, ambayo inakula alumini na ikikugusa ngozi inaweza kupenya ndani kabla hujasikia maumivu. Kostiki soda nayo inaila alumini vilevile. Ukifika kuosha, shuka mwenyewe, mwambie mhusika: sabuni tu. Ananiudhi sana mtu anayeharibu kazi ya siku nzima kwa kupuliza sekunde chache.

MamaKenworth:
Nyongeza kwenye rimu. Kaka Pete, angalia kama ni rimu za kampuni ya Alcoa aina ya Dura-Bright, namba yake huwa na herufi DB. Hizo zimetibiwa kiwandani na hazitaki polishi ya kukata wala msasa, ni sabuni na maji. Ukizisugua unaondoa kinga yenyewe. Na ukizifungua ili ufanye kazi vizuri, nati zikazwe kwa kipimo, 450 hadi 500 futi-pauni kwa rimu za kukaa kwenye habu, kisha uzipime tena baada ya maili 50 hadi 100. Usilisugue tairi likiwa linazungushwa na injini, nawaona wanafanya hivyo na moyo unaniruka.

PeteWaIowa:
Asante dada, asante fundi. Nimeangalia: rimu za mbele hazina DB, na kitambaa kimekuwa cheusi kama mkaa. Sumaku imenata kwenye bampa, kwenye tanki imedondoka. Nikishamaliza sabuni ya mwisho tanki linabaki na mafuta mafuta, naliondoaje? Na baridi ijayo nifanyeje?

FundiKioo:
Mwagia unga wa ngano mkavu kwenye kitambaa safi, futa. Unga unanyonya mafuta yote na weusi uliobaki. Ndipo umalizie kwa mkono na ile Mothers, kisha paka nta au dawa ya kuziba ya chuma. Kabla ya theluji ya kwanza rudia kupaka. Wakati wa baridi usilisugue kabisa likiwa na chumvi kavu, utajichorea. Kila ukipata maji ya uvuguvugu suuza, hasa nyuma ya mikanda ya tanki, chumvi inajificha pale. Magnesiamu kloridi, ile chumvi ya barafu wanayomwaga barabarani, inavuta unyevu, inaendelea kula hata gari likiwa limepaki.

Anza na tanki la upande wa abiria. Mkono ukishazoea, ndipo uje kwenye lile lenye michirizi.