Kusawazisha sauti za santuri: kilele, LUFS au ReplayGain?

Mpenzi wa Dansi
Wakuu, heshima kwenu. Nahamishia santuri za marehemu baba kwenye kompyuta: 45 nyingi za dansi (zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika) na LP chache za taarabu (zile kubwa zenye nyimbo nyingi). Zile 45 zinapiga kwa nguvu, LP ziko chini, kila wimbo ukibadilika lazima niguse kitufe cha sauti. Naona njia tatu: Normalize ya Audacity (programu ya kuhariri sauti), kusawazisha kwa LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), au tagi za ReplayGain (maelezo ndani ya faili yanayoiambia programu ipige kwa sauti gani). Ipi inafaa?

Fundi Redio
Normalize iondoe kabisa, mkuu. Inatazama kilele kimoja cha sauti kilicho juu kuliko vyote, na kwenye santuri kilele hicho mara nyingi ni mkwaruzo, si muziki. Mkwaruzo mmoja ukifika desibeli -1 na tarumbeta zenyewe hazivuki -9, hata ukilenga 0, ambayo ndiyo dari, programu itapandisha desibeli moja tu, basi. Safisha mikwaruzo kwanza, kisha tumia LUFS. Hicho ni kipimo kinachofuata jinsi sikio linavyousikia wimbo mzima.

Binti Ngamiani
Naunga mkono LUFS, ila si kupima kila faili peke yake! Hapo ndipo watu wanapoharibu dansi. Nyimbo nyingi za 45 zimegawanywa: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Upande A waimbaji wanaimba beti kwa utulivu. Upande B ni chemko, magitaa na tarumbeta zimefunguka. Ukizilazimisha pande zote zifike namba moja, chemko linashushwa hadi usawa wa beti, na wimbo unapoteza kile wanamuziki walichokijenga. Unganisha A na B kwanza, ndipo upime kama wimbo mmoja.

LP vivyo hivyo: ipime nzima, ongeza au punguza kiasi kilekile kwa nyimbo zote.

Mpenzi wa Dansi
Dada, je, kama kiwandani walichonga upande B chini kuliko A?

Binti Ngamiani
Inatokea. Sikiliza mwisho wa A na mwanzo wa B, fuata chombo kimoja kilichopo pande zote mbili. Mimi hufuata gitaa la besi. Kama besi imeshuka ghafla, pandisha B yote mpaka zioane. Usiangalie namba hapo, sikio litakwambia. Ila kama mwisho wa A umefifishwa, linganisha na sehemu iliyo kabla ya kufifia.

Kisauni Mono
Kabla ya yote hayo kuna kurekodi. Tumia biti 24, acha vilele viishie karibu na desibeli -6, na usiguse kitufe katikati ya santuri. Sauti ikipasuka wakati wa kurekodi, hakuna LUFS itakayoiponya.

Jambo jingine: 45 nyingi za zamani ni mono, yaani za njia moja ya sauti. Sindano ya stereo inakupa njia mbili, kushoto na kulia, ambazo huenda hazilingani, kwa hiyo zisawazishe, zichanganye ziwe moja, ndipo upime. Kelele nazo zitapungua. Angalizo: faili ya njia moja hupimwa LUFS 3 chini ya faili ya njia mbili zenye sauti ileile. Audacity ina chaguo la kuihesabu mono kama njia mbili. Liwashe, la sivyo mono zako zote zitapandishwa kupita kiasi.

Mpenzi wa Dansi
Asanteni sana. Na ReplayGain?

Fundi Redio
Kwa kusikilizia nyumbani ndiyo ninayoipenda, maana haigusi sauti yenyewe. Inaandika tagi tu, na programu ya kupigia muziki kama foobar2000 au VLC inarekebisha wakati wa kupiga. Ina namba ya wimbo na namba ya albamu, kwa hiyo hoja ya dada kuhusu LP inatimia. Tatizo ni redio nyingi za magari na spika za flashi: hazisomi tagi hizo.

Kwa nakala za ndugu wenye flashi, sawazisha moja kwa moja hadi LUFS -18. Usikimbilie -14, vilele vya tarumbeta vitagonga dari. Nakala ghafi weka pembeni bila kuigusa.

Mpenzi wa Dansi
Sawa mkuu. Basi naanza na 45 zenye pande mbili, nikishaunganisha wa kwanza nitauweka hapa mnisikilizie chemko.