Mikutano ya barabara: wanatuita wakishamaliza kupanga kila kitu

Wadau, hii kitu imenikaa kooni siku nyingi na leo naitoa. Kwa nini kila mara wakipanga barabara au usafiri wa Kampala, sisi tunaopanda teksi (hizi daladala zetu) na boda na kutembea kwa miguu ndo wa mwisho kujua? Mimi ni mtu wa Bweyogerere, Jinja Road naijua vizuri, asubuhi jamu, jioni jamu, mvua ikidondoka tu nauli imepanda na konda hataki hata kukusikiliza.

Juzi huku kwetu wakaitisha mkutano wa maoni ya wananchi kuhusu kupanua barabara. Tangazo lenyewe ni karatasi moja ya Kizungu, limebandikwa mlangoni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, mkutano siku ya kazi, saa nne asubuhi, hotelini!! Saa hiyo mtu wa boda yuko barabarani anatafuta hela ya mwenye pikipiki, muuza rolex yuko kwenye chapati zake za mayai, sasa nani atakuja? Mimi niliomba ruhusa kazini nikaenda. Nikakuta ramani ukutani, mistari myekundu na ya kijani, imeshachorwa yote mpaka mwisho, na hakuna aliyejisumbua kutueleza ule mstari unapita mlango wa nani. Mama mmoja anayeuza nyanya karibu na steji, pale teksi zinapopakia, akasimama akauliza: steji mnaipeleka wapi, na watoto wa shule watavukia wapi? Akajibiwa "nnyabo (mama), hilo litaangaliwa baadaye". Baadaye lini jamani, tingatinga likishafika? Alafu ikazungushwa karatasi ya kusaini mahudhurio, na zile saini ndo zitaingia kwenye ripoti kwamba wananchi tulishirikishwa. Mama wa watu aliuliza swali la maana kuliko yote siku ile na sikuona mtu akiliandika.

Upande wa pesa ndo usiseme kabisa. Chukua Entebbe Expressway, ile barabara ya kulipia ya kwenda uwanja wa ndege, imegharimu dola milioni 476, na milioni 350 kati ya hizo ni mkopo wa Exim Bank ya China, ikafunguliwa 2018, na tangu Januari 2022 gari ndogo inalipa shilingi 5,000 kupita. Sikatai inasaidia, mtu anayewahi ndege anajua. Lakini boda ya kawaida haipiti pale, mwenda kwa miguu haruhusiwi, na deni tunalilipa wote kwa kodi, mpaka mkulima wa Kamuli ambaye hajawahi kuiona. Kuna aliyekuja kutuuliza kabla, kwamba hela hizi mnataka ziende wapi, barabara ya kulipia au mabasi makubwa yenye njia yake? Mabasi ya haraka ya Kampala yanafanyiwa utafiti tangu miaka ya 2010 huko, Dar es Salaam wakaanza kuyapanda 2016, sisi tuko kwenye teksi ya watu 14 magoti yanagusa kiti cha mbele.

Na mafuta je? Sheria ya Road Fund, yaani mfuko wa barabara, ya 2008 ilitaka ushuru wa mafuta uende kutengeneza barabara. Haikuwa hivyo, hela ikabaki Hazina na mfuko ukawa unangoja mgao wa Bunge kila mwaka, mwisho mfuko wenyewe ukavunjwa ukarudishwa wizarani. Hilo ni jambo linalogusa kila anayenunua lita moja ya petroli, lakini huku steji hakuna aliyekuja kutueleza. Mpaka 2023 watu walipojaza mitandao picha za mashimo ya Kampala ndo rais akaagiza shilingi bilioni 6 zitolewe. Yaani lazima tupige kelele kwanza ndo tusikike?

Sasa inakuja SGR, reli mpya ya kisasa, kutoka Malaba mpakani na Kenya mpaka Kampala, kilomita 272, mkataba wa euro bilioni 2.7 ulisainiwa Oktoba 2024. Mimi naitaka sana hiyo reli. Treni ya abiria ya Namanve iliyoanza 2015 ilishatuonyesha watu wa huku wanaipenda treni wakipewa. Lakini nikishuka stesheni nafikaje nyumbani, teksi zitasimama wapi, njia ya miguu iko wapi? Hayo yajadiliwe sa hivi kabla ya zege.

Na msiniambie haiwezekani. Serikali yenyewe ilianzisha zile baraza za Ofisi ya Waziri Mkuu mwaka 2009, ofisa anasimama mbele ya watu anaeleza hela imefanya nini. Zifanyeni na za usafiri, lakini KABLA mkopo haujasainiwa, jioni au Jumapili mchana, uwanja wa shule ya msingi, kwa Kiganda na Kiswahili, na mje na bei na riba na ramani mtuachie tukaiangalie nyumbani.

Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inampa ofisa siku 21 kujibu ukiomba kwa maandishi. Naandika barua wiki hii kuomba ripoti ya ule mkutano wetu na bajeti ya njia za waenda kwa miguu. Walio Kireka, Namboole, Bweyogerere mpaka Mukono, nani anasaini na mimi? Wekeni hapa chini steji yenu na swali lenu, nitayaandika yote, na la mama wa nyanya naliweka namba moja.