Simulesheni ya Geant4: usuli wa protoni unatoka mdogo mno

nyarkondele, Kisumu
Habari zenu wadau. Kwa Geant4, programu ya kuiga chembe zikipita kwenye vitu, naiga usuli wa mionzi (mapigo yasiyotokana na eksirei za nyota) kwenye darubini ya eksirei ya angani, kwa laptopu ya kuazima, usiku, stima zikiwepo. Kigunduzi ni silikoni ya milimita 0.45 ndani ya sanduku la alumini, na nimekizungushia tufe la nusukipenyo mita 1. Kutoka uso wa tufe narusha protoni za kosmiki kuelekea ndani, pembe zote sawasawa. Hesabu yangu ya mkono inadai mapigo mengi kuliko ninayopata. Zingine zinapotelea wapi? Wiki ya tatu hii, na silali vizuri.

Mwalimu wa Njoro
Shida iko hapo kwenye "sawasawa". Ili mionzi ndani ya tufe iwe sawa kila upande, urushaji kutoka usoni lazima ufuate kosaini ya pembe, yaani nyingi zielekee katikati na chache zipite kandokando. Usiniamini kwa maneno tu. Toa vitu vyote, weka tufe dogo la nusukipenyo sentimita 10 katikati, rusha protoni 1,000,000. Asilimia 1 zipite humo.

Na obiti ni ipi? Uhuru, setilaiti ya kwanza ya eksirei, iliyorushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ilizunguka chini chini kufuata ikweta, ambako usumaku wa Dunia huzuia protoni nyingi. XMM-Newton, darubini ya eksirei ya Ulaya, huenda mbali sana. Spektra (mgawanyo wa nishati za protoni) ya moja haifai kwa nyingine.

nyarkondele
Mwalimu, zimepita 5,020! Nilipoweka kosaini, 9,963. Asante sana. Obiti yangu ni ya mbali. Lakini nimerudisha sanduku na sioni elektroni zinazotoka ukutani.

sam_bondo
Dada, hizo ndizo za kuogopa. Protoni ikipita kwenye silikoni huacha nishati kubwa, unaitambua na kuitupa. Elektroni ikiacha kiloelektrovolti chache inafanana kabisa na eksirei. Geant4 ukiiacha ilivyo haizalishi elektroni isiyoweza kusafiri milimita 0.7, na zako zinachomoka kwenye ngozi ya juu tu ya alumini. Shusha kikomo hicho hadi mikromita 1, lakini kwenye ukuta unaotazama kigunduzi pekee, la sivyo laptopu itakesha siku nne. Washa na fluoresensi, yaani eksirei ambazo atomi zenyewe hutoa zikigongwa.

nyarkondele
Zimetokea. Na mstari wa alumini, eksirei za nishati yake maalumu, umesimama palepale, kiloelektrovolti 1.49. Ilikuwa saa tisa usiku. Nimemwamsha mdogo wangu aje auone.